Kupandikiza Injini katika Honda Civic

Kupandikiza injini ni kutoa injini ambayo gari lilitoka nayo kiwandani na kuweka nyingine ya aina tofauti, mara nyingi yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo imefanywa kwa magari ya kila namna, lakini kwa upande wa magari madogo ni Honda Civic za miaka ya 1988 hadi 2000 zilizoifanya iwe fani yenye kanuni zake, hasa katika jimbo la California, Marekani. Swali la fani hiyo lilikuwa moja: iwekwe injini ipi? Jibu lilibadilika mara kadhaa, na kila lilipobadilika, nguvu peke yake haikutosha kuamua. Injini iliyopendwa ni ile iliyopatana na vitu vinavyoizunguka: mauntingi, giaboksi, shafti, nyaya, kompyuta, na mwishowe sheria.

Waliotangulia

Desturi ya kuweka injini kubwa katika gari jepesi ilikuwapo California kabla magari ya Japani hayajafika. Mwaka 1932 Ford ilitoa V8 ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65, injini ya silinda nane ambayo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuimudu. Magari hayo yalipochakaa, vijana walizing'oa injini zake wakazifunga katika Ford Model A, gari la zamani, jepesi na la bei ndogo, kisha wakashindana kwenye maziwa makavu ya jangwani kama Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana katika chama cha kupima na kusimamia mbio hizo, Southern California Timing Association.

Mwaka 1955 Chevrolet ilileta V8 yake ndogo ya lita 4.3. Kwa ukubwa wake ilikuwa nyepesi, ikaanza kuonekana hata ndani ya bodi za Ford. Chevrolet iliitengeneza kwa mamilioni, na kwa miongo mingi haikubadilisha sana sehemu zake za kufungia. Giaboksi au mauntingi ya mwaka mmoja ilikubali injini ya mwaka mwingine, na fundi alijua kwamba kipuri kikivunjika atakipata katika yadi yoyote ya magari mabovu. Sababu hizo mbili, wingi na ulinganifu wa sehemu, ndizo zilizokuja kuamua mambo katika Civic miongo kadhaa baadaye.

Gari lililozidi injini yake

Honda ilifungua kampuni yake ya Marekani mjini Los Angeles mwaka 1959, ikiuza pikipiki. Civic ilizinduliwa Japani Julai 1972 ikiwa na injini ya cc 1,169. Katikati ya miaka ya 1970 injini yake ya CVCC ilipata sifa Marekani kwa kutimiza masharti mapya ya moshi bila kuhitaji katalisti. Wamarekani waliijua Civic kuwa gari la kuokoa mafuta, la mwanafunzi na la mama wa nyumbani, wala haikuhusishwa na mbio.

Kizazi cha nne, kilichotoka Septemba 1987 na kuuzwa Marekani kama modeli ya 1988, kilibadilisha mambo. Magurudumu yote manne yalishikwa na mikono miwili ya saspensheni, wa juu na wa chini, mpangilio uliozoeleka zaidi katika magari ya mbio na ya kifahari. Boneti ilikuwa chini, na gari zima lilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Injini zilizowekwa kwa soko la Marekani, hata hivyo, zilikuwa za familia ya D, zenye kamshafti moja. Ya lita 1.5 ilitoa farasi 92, na ya lita 1.6 katika toleo la Si ilitoa 108. Saspensheni na breki ziliweza kuhimili mwendo ambao injini haikuweza kuufikia.

Vijana wa Gardena, Torrance na vitongoji vingine vya kusini mwa California, wengi wao wenye asili ya Asia, walilitambua pengo hilo mapema. Walizipata Civic kwa bei nafuu, nyingine wakiachiwa na wazazi. Mwaka 1990 yalianza mashindano ya robo maili ya Battle of the Imports huko Palmdale, yakiwa ya magari yaliyoagizwa kutoka nje ya Marekani. Hapo tofauti ya sekunde chache ilionekana mbele ya watu, na mahitaji ya injini bora yakapanda.

B16A: injini iliyokuwa ndugu

Jibu lilikuwa limekwisha kutengenezwa, ila halikuuzwa Marekani. Aprili 1989 Honda ilitoa Japani Integra yenye injini ya B16A, cc 1,595, kamshafti mbili na mfumo mpya wa VTEC. Katika mfumo huo kila jozi ya valvu ina nundu tatu juu ya kamshafti. Injini ikizunguka polepole, valvu hufuata nundu fupi za pembeni. Ikivuka takriban mizunguko 5,000 kwa dakika, shinikizo la oili husukuma pini inayofunga mikono ya valvu pamoja, na valvu zikaanza kufuata nundu ndefu ya katikati: hufunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yake yalikuwa farasi 160 kwa kipimo cha Kijapani, yaani farasi 100 kwa kila lita, bila turbo.

Mwezi Septemba mwaka huohuo Honda yenyewe iliweka B16A katika Civic na ndugu yake CRX za Japani. Jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko idadi ya farasi. Lilithibitisha kwamba injini inaenea chini ya boneti ileile, kwamba kiwanda kimekwisha kubuni vishikizo vyake, yaani mauntingi, na kwamba kuna shafti za urefu unaofaa. Fundi wa California hakuhitaji kukata chasisi. Alihitaji kupata vipuri ambavyo Mjapani alikuwa navyo tayari.

Tatizo lilikuwa kuvipata. Vishikizo vya Civic ya Kijapani vilikuwa adimu Marekani, kwa hiyo warsha ndogo zilianza kuchonga na kulehemu vya kwao. Baadhi zilikua zikawa kampuni za mauntingi tu, mojawapo ikiwa Hasport ya Phoenix, Arizona. Kuanzia hapo mteja alinunua seti ya vishikizo vilivyopimwa na kufunga injini kwa boliti, kazi ambayo awali ilimtaka awe na mashine ya kulehemu na jicho zuri.

Giaboksi nayo ilikuwa na masharti yake. B16A za mwanzo zilikuja na giaboksi ya klachi inayovutwa kwa kebo, sawa na Civic za 1988 hadi 1991. Giaboksi za familia ya B zilizofuata zilitumia klachi ya mafuta. Kwa hiyo mwenye Civic ya 1989 aliyenunua injini mpya zaidi alijikuta anatafuta pia giaboksi ya zamani, au kifaa cha kugeuza kebo kuwa klachi ya mafuta. Mwenye Civic ya 1992 alikuwa na hali iliyo kinyume. Umri wa injini ulipaswa kulingana na umri wa gari hata katika jambo dogo kama pedali ya klachi.

Injini kutoka Japani

Injini hizi zilifika California ndani ya makontena, kwa sababu ya mambo yaliyokuwa yakitokea Japani. Gari binafsi jipya huko hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baadaye kila baada ya miaka miwili, katika ukaguzi unaoitwa shaken. Hadi 1995 gari lililozidi miaka kumi lilikaguliwa kila mwaka. Ukaguzi na kodi zinazoambatana nao ni ghali, kwa hiyo wenye magari wengi waliyaacha yakiwa bado yanafanya kazi vizuri. Wafanyabiashara waliyanunua, wakayakata, na kuuza injini nje. Bidhaa iliyopendwa zaidi ilikuwa nusu gari ya mbele: injini, giaboksi, nyaya, kompyuta na vishikizo vyote pamoja, kwa kuwa ilimpunguzia mnunuzi kazi ya kutafuta kimoja kimoja.

Mkondo huohuo wa biashara ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na injini za Kijapani zilizotumika zikawa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road jijini Nairobi na Gerezani, Kariakoo. Matumizi yalikuwa tofauti. Kenya na Tanzania zinaendesha upande wa kushoto wa barabara kama Japani, kwa hiyo magari mazima yaliingia yakiwa na injini zake, na injini ya mtumba ilinunuliwa zaidi kuchukua nafasi ya iliyokufa kuliko kushindana. California ilikuwa na Civic zenye usukani wa kushoto na injini dhaifu, na iliagiza nguvu bila bodi.

B18, H22 na injini za kuunganisha

Katikati ya miaka ya 1990 uchaguzi ulipanuka. Integra GS-R ya 1994 iliuzwa Marekani ikiwa na B18C1 ya lita 1.8 na farasi 170, na Integra Type R ya 1997 ikaja na B18C5 ya farasi 195. Zote zilikuwa za familia ya B, kwa hiyo kilichofaa B16A kilifaa na hizi. Katika Civic za 1992 hadi 1995 kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Japani iliuza Civic ya bodi hiyo ikiwa na B16A, na vishikizo vya Integra au vya Honda del Sol VTEC, vilivyopatikana Marekani, vilikaa mahali pake. Fundi alibadilisha kishikizo cha nyuma na cha pembeni, akaweka shafti za Integra pamoja na shafti yake ya kati, akaunganisha fito za gia, na injini ikawa imekaa kama ya kiwandani.

Bei ilizaa ubunifu. B18C ilikuwa ghali, lakini Integra ya kawaida ilikuwa na B18B1 ya farasi 142 bila VTEC, iliyopatikana kwa urahisi. Mafundi walichukua bloku ya B18B na kuivika kichwa cha silinda cha B16. Wengine walitumia bloku ya lita 2 ya CR-V. Bloku hizo hazikuwa na njia ya kupeleka oili kwenye VTEC, hivyo ilibidi kutoboa na kuvuta bomba la oili kwa nje. Waliokuwa na fedha kidogo zaidi walibaki katika familia ya D: walichukua kichwa cha D16Z6, injini ya farasi 125 yenye VTEC na kamshafti moja, wakakifunga juu ya bloku ya D waliyokuwa nayo. Faida haikuwa kubwa, lakini mauntingi, giaboksi na shafti havikuguswa.

Wengine waliangalia ukubwa. H22A ya Honda Prelude, yenye cc 2,157 na farasi 190 kwa toleo la Marekani la 1993, ilivuta kwa nguvu hata katika mizunguko ya chini, mahali ambapo B16A ilikuwa dhaifu. Ilipatikana Japani kwa wingi na bei yake mara nyingi ilikuwa chini ya ile ya B18C. Hata hivyo haikuzaliwa katika ukoo wa Civic. Vishikizo vyote vilikuwa vya kubuni, nafasi chini ya boneti ilibana, na uzito wa ziada ulikaa mbele ya gari ambalo sifa yake ilikuwa wepesi wa kukata kona. Silinda zake pia zilikuwa na ukuta wa metali iliyochanganywa na nyuzi, ambao haukuvumilia kuchongwa upya na kuwekewa pistoni za kawaida. H22A ilipata wafuasi katika mbio za mstari ulionyooka, lakini haikuiondoa B katika nafasi yake.

Nyaya na kompyuta

Injini ikishakaa, ilibidi iwashwe. Mafundi wa Honda waliyagawa magari katika zama tatu kufuatana na mfumo wa kompyuta: hadi 1991, kuanzia 1992 hadi 1995, na kuanzia 1996, mwaka ambao mfumo wa uchunguzi wa OBD-II ulikuwa lazima kwa magari mapya ya Marekani. Plagi za nyaya zilitofautiana kati ya zama na zama. Injini ya 1997 katika gari la 1990 ilihitaji viunganishi vya kati, au fundi mvumilivu mwenye mchoro wa nyaya aliyekata na kuunga waya mmoja baada ya mwingine.

Civic nyingi za D hazikuwa na waya wa kuwasha VTEC, hivyo ulivutwa waya mpya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye solenoidi. Kompyuta iliyopendwa ilikuwa P28 ya Civic za 1992 hadi 1995 zenye D16Z6. Ilijua tayari kuendesha VTEC, na ndani yake palikuwa na nafasi ya kulehemu chipu yenye programu mpya ya mafuta na muda wa cheche. Kwa P28 moja fundi aliweza kuongoza B16A, B18C, au injini ya kuunganisha ambayo Honda haikupata kuiunda. Kuanzia hapo ujuzi wa kutengeneza programu ukawa na thamani sawa na ujuzi wa spana, na kampuni kama Hondata ya Torrance zilikua kwa kazi hiyo.

Moshi, karatasi na wizi

California ilianza ukaguzi wa moshi, Smog Check, mwaka 1984, na kanuni zake za kubadili injini ziliathiri uchaguzi moja kwa moja. Injini mpya sharti iwe ya mwaka uleule wa gari au wa karibuni zaidi, iwe ya aina iliyoidhinishwa kwa magari ya daraja lile, na ije na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi. Gari lilipelekwa kwa mwamuzi wa serikali, aliyelikagua na kubandika kibandiko cha kulipitisha. Injini ya soko la Japani ilikubaliwa iwapo tu mwenyewe angeonyesha kwamba inalingana na toleo lililoidhinishwa Marekani.

Kanuni hizo zilizipa hadhi B18C1 na injini nyingine zilizouzwa Marekani. B18C1 ya 1994 katika Civic ya 1993, ikiwa na katalisti na sensa zake, iliweza kupita kihalali. B16A ya Kijapani ya 1989 katika gari hilohilo ilianguka kwenye sharti la kwanza tu, lile la mwaka. Wengi walikwepa kwa kurudisha injini ya zamani siku ya ukaguzi au kwa kutafuta kituo kisicho kikali, na polisi nao walijifunza kufungua boneti kando ya barabara. Katika majimbo yasiyokagua moshi uchaguzi ulibaki wa fundi na mfuko wake.

Uhitaji ulileta wizi pia. Civic na Integra za miaka ya 1990 zilikaa muda mrefu katika orodha za magari yaliyoibwa zaidi Marekani, na Integra Type R, iliyotengenezwa kwa idadi ndogo, iliwindwa kwa ajili ya injini na giaboksi yake. Mnunuzi mwangalifu alisoma namba iliyogongwa kwenye bloku na kudai karatasi ya mauzo. Injini isiyo na karatasi ilikuwa rahisi kununua, lakini gari lingeweza kuchukuliwa nayo. Filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 iliwatia watu wengi zaidi hamu ya magari hayo, na biashara halali na ile haramu zikanufaika pamoja.

Familia ya K

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Honda iliacha B na kuleta K. K20A2 ya RSX Type-S ya 2002 kutoka Acura, chapa ya Honda, ilikuwa na cc 1,998, farasi 200 na giaboksi ya gia sita. K24A2 ya Acura TSX ya 2004 ilifikia lita 2.4 na farasi 200 pia, ikiwa na nguvu ya kuvuta zaidi. Mnyororo ulichukua nafasi ya mkanda wa taimingi, na VTEC ikaongezewa uwezo wa kusogeza muda wa kamshafti ya kuingiza hewa wakati injini inazunguka. Kwa vipimo vya uhandisi K ilikuwa mbele ya B karibu katika kila jambo.

Lakini ilikuwa mgeni katika Civic za zamani. Injini za B na D huzunguka kinyume na saa, ekzosti ikielekea mbele ya gari na giaboksi ikiwa kulia. K huzunguka kama saa, ekzosti yake hutazama ukuta wa nyuma, na giaboksi iko kushoto. Kila kishikizo kilipaswa kubuniwa upya. Bomba la moshi lilipitishwa katika upenyo mwembamba kati ya injini na usukani. Fito za gia ziliondolewa na kuwekwa kebo, shafti ziliunganishwa kutokana na vipande vya magari mawili, na K24 yenye bloku ndefu kwa karibu sentimita 2 kuliko K20 ililazimisha wengine kutafuta boneti nyingine au kuishusha injini. Nyaya za kiwandani zilitaka pia kuzungumza na mfumo wa ufunguo wa kuzuia wizi.

Kwa miaka michache gharama hiyo iliwafanya wengi wabaki na B. Kilichogeuza mambo ni kukua kwa soko la vipuri. Kampuni za mauntingi zilitoa seti kamili kwa kila bodi kuanzia 1988 hadi 2000, watengenezaji wa nyaya waliuza vifungu vya kuchomeka tu, na Hondata ikatoa K-Pro, kompyuta ya K inayopangwa kwa laptopu, iliyoweza pia kuondoa kikwazo cha ufunguo. Wakati huohuo B zilizidi kuzeeka, nzuri zikawa adimu, na bei ya B18C5 ikapanda kupita thamani ya Civic nzima. K24, iliyowekwa katika Accord na CR-V za familia kwa idadi kubwa, ilipatikana katika yadi za magari mabovu kwa bei ndogo. Kichwa cha K20 juu ya bloku ya K24 kikawa mchanganyiko wa kawaida, kama kichwa cha B16 juu ya bloku ya B18B kilivyokuwa kabla yake.

Mipaka ya fani

Mara seti za kufungia K zilipokuwa tayari, injini hiyo ilivuka ukoo wa Honda. Iliwekwa katika Mini za zamani, Lotus Elise na Mazda MX-5, kwa sababu zilezile zilizoipa nafasi V8 ya Chevrolet: ilikuwa nyingi, imara kwa ukubwa wake, na tayari kulikuwa na mtu anayeuza kila kiunganishi kilichohitajika.

Civic zenyewe zilizofuata hazikuendeleza desturi hiyo kwa kiwango kilekile. Kizazi cha 2001 kilipoteza mikono miwili ya mbele, na sifa iliyowavutia mafundi ikapungua. Baadaye kompyuta za injini, breki, usukani na dashibodi ziliunganishwa katika mtandao mmoja, kiasi kwamba injini ngeni huleta hitilafu katika vifaa visivyoihusu. Kiwanda nacho kilianza kuuza nguvu tayari: Civic Type R iliyoingia Marekani mwaka 2017 ilikuwa na injini ya K ya lita 2 yenye turbo na farasi 306. Upandikizaji umebaki hasa katika bodi za 1988 hadi 2000, ambazo uzito wao mdogo, nyaya zao chache na wingi wa vipuri vyao bado huruhusu injini kuchaguliwa kwa kupima gharama ya kuiunganisha.